Joto Kwanza, Rangi Baadaye: Maswali na Majibu Kuhusu Kufufua Gari Dogo la Zamani

Nyuma ya mageti ya mtaa wa Kahawa Sukari hukosi kuona Toyota Starlet au Nissan Sunny iliyofunikwa turubai, magurudumu yameisha upepo, ikingoja siku mwenyewe atakapopata nafasi ya kuifufua. Toyota iliacha kuunda Starlet za aina hiyo mwaka 1999, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hakuna nyingine ya aina hiyo itakayoshuka bandarini Mombasa. Zilizopo ndizo hizo. Maswali yanayofuata ni ya kawaida kwa anayetaka kulirudisha gari kama hilo barabarani kwa mikono yake mwenyewe, na majibu yake yote yanaegemea hoja moja: magari haya hayafi kwa sababu ya umri. Yanauawa na joto, na joto linazuilika nyumbani.

Swali: Nina Starlet iliyokaa miaka mitatu bila kuwashwa. Nianze na nini?

Anza na mfumo wa kupoza injini, hata kabla ya kununua betri. Sababu iko kwenye chuma chenyewe. Injini ya 4E-FE yenye sentimita za ujazo 1,331, ambayo imo katika Starlet nyingi, ina bloku ya chuma na juu yake hedi ya aluminiamu iliyokazwa kwa bolti. Zikipata moto, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gasketi iliyo katikati imeundwa kuvumilia tofauti hiyo maadamu joto halijapita mpaka wake. Likipita, hata kwa dakika chache, hedi hupinda, na kupinda kwa sehemu chache za mia za milimita kunatosha kupitisha gesi ya silinda kwenye maji na maji kwenye oili. Ukisikia gari limefunguliwa injini mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi kisa ni hicho: gasketi ilibadilishwa, chanzo cha joto kikaachwa.

Mahali tunapoishi panazidisha hatari. Kahawa Sukari iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi kama 95, wala hayafiki 100. Feni ya umeme ya gari hili huanza kuzunguka joto likishapita nyuzi 90. Nafasi iliyobaki kati ya feni kuwaka na maji kuchemka ni finyu mno. Kinachoipanua ni kifuniko cha rejeta: springi yake hushikilia mgandamizo wa karibu baa 0.9, na mgandamizo huo hupandisha kiwango cha kuchemka hadi kama nyuzi 115. Mpira wa kifuniko ukikakamaa na kupasuka, mgandamizo hutoroka na ulinzi huo wote huondoka nao. Gari litakwenda vizuri likiwa na kasi, kwa kuwa upepo unapita kwenye rejeta. Litachemka jioni kwenye foleni ya Githurai, ambako upepo pekee ni wa feni. Kwa hiyo kazi za mwanzo ni kifuniko kipya, mipira mipya ya maji, kusafisha rejeta kwa maji safi hadi kutu iishe, kuhakikisha feni inawaka yenyewe, kisha kujaza kulanti.

Swali: Fundi wangu anasema thamostati haihitajiki katika nchi ya joto, na kwamba watu wametumia maji ya mfereji miaka yote. Amekosea?

Hoja yake ina historia, na haifai kudharauliwa. Morris Minor na Ford Escort za mwanzo zilikuwa na bloku ya chuma na hedi ya chuma. Sehemu mbili za madini yaleyale hutanuka pamoja, hivyo injini hizo ziliyavumilia maji matupu na joto la kupita kiasi kuliko za leo. Fundi aliyejifunza kazi chini ya mzee aliyezoea magari hayo amerithi desturi iliyofaa wakati wake. (Injini hizo zilikuwa na udhaifu mwingine: zilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli kulinda viti vya valvu. Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006, na anayefufua gari la miaka ya 60 sharti aulizie viti vigumu vya valvu hedi inapofunguliwa.)

Kwa hedi ya aluminiamu mambo ni tofauti. Maji matupu huila aluminiamu pole pole, na maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija myembamba ya rejeta hadi ikaziba. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, inalainisha pampu ya maji, na huchemka kwenye joto la juu kuliko maji. Ama thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto, kuiondoa hakutibu kuchemka. Kunaficha dalili za rejeta iliyoziba, na asubuhi ya baridi ya Julai injini inachukua muda mrefu kupata moto. Kompyuta ndogo ya gari inasoma kwamba injini bado ni baridi, inaongeza petroli, na petroli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda na kuichafua oili. Mwenye gari hulipa kituoni kila wiki kwa kijidude kilichotupwa ili kuokoa pesa.

Swali: Nitajuaje kwamba hedi ilishaharibika kabla sijanunua au kutengeneza?

Vuta kijiti cha oili na ufungue kifuniko cha oili juu ya injini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Kisha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta, washa gari na utazame: mapovu yanayopanda bila kukoma ni gesi ya silinda. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto unaeleza jambo hilohilo. Dalili hizi zikiwapo, hedi ing'olewe na ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuisawazisha. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kutupa pesa.

Swali: Spea za maduka ya Grogan na Kirinyaga Road nyingi ni bandia. Kuna faida gani kutengeneza kwa spea zisizoaminika?

Hofu hii ni ya haki, na ndiyo pingamizi lenye uzito kuliko yote. Lakini sehemu zinazodhibiti joto zina sifa moja njema: unaweza kuzipima nyumbani. Chukua thamostati mpya, kwa kawaida imechongwa namba ya joto lake, mfano 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria kuukuu ya maji, isiguse chini, na uweke jikoni pamoja na kipimajoto. Valvu yake ianze kufunguka karibu na namba ile, na iwe wazi kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka hadi maji yanachemka irudishe dukani siku hiyohiyo. Ukipoza maji, lazima ijifunge tena. Jaribio hili linamaliza ubishi na muuzaji, na anayenunua spea kwa mazoea ya kupima hudanganywa mara chache kuliko anayenunua kwa jina lililoandikwa kwenye boksi.

Swali: Kazi zipi nifanye mwenyewe uani, na zipi niwaachie mafundi?

Rejeta, mipira, thamostati, plagi, filta na oili ni kazi za uani. Breki pia, kwa uangalifu, na hapa joto linarudi kwa sura nyingine. Mafuta ya breki ya DOT 3 hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya hustahimili nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu, mguu ukiwa juu ya breki muda mrefu, mafuta ya zamani huchemka na pedali inazama bila kushika. Yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari lilikuwa limeegeshwa tu. Kuchomelea bodi, kusawazisha hedi na ukanda wa taiming waachie wenye vifaa.

Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, weka stendi. Usifungue rejeta ya moto. Na kulanti iliyomwagwa ni sumu yenye ladha tamu, mbwa na watoto huilamba, kwa hiyo ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko.

Swali: Si afadhali nichukue mkopo ninunue Vitz au Demio?

Kwa usalama wa kugongwa, ndiyo, na hakuna ufundi wa uani utakaobadilisha hilo. Baadhi ya Starlet hazina mifuko ya hewa, na kwenye Thika Superhighway, iliyofunguliwa 2012, zinapita ubavuni mwa malori. Anayesafiri kila siku na watoto ana sababu nzuri ya kununua gari jipya zaidi. Ila asidhani kwamba analikimbia tatizo la joto. Vitz ina hedi ya aluminiamu. Hata Volkswagen Polo Vivo, ambayo ilianza kuunganishwa hapa Thika mwishoni mwa 2016, inategemea kifuniko, kulanti na feni kama Starlet. Mmiliki aliyeiua ya kwanza kwa maji ya mfereji ataiua ya pili, safari hii akiwa bado anailipia benki. Kwa mwendo wa sokoni, kanisani na stejini, gari la zamani lililotunzwa linatosha.

Swali: Na rangi je?

Ipake ikiwa gari limemaliza miezi kadhaa bila kupoteza maji wala oili. Ukibadilisha rangi yenyewe, mabadiliko hayo yaandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) ili kitabu cha gari kilingane na gari. Kabla ya hapo, kesho asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta utazame kilichomo. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, pesa ulizotengea rangi zipeleke huko.