Kuogopa na Kwenda

Somo kwa Vikundi vya Shule ya Sabato

Soma kwa Somo Hili: Esta 4, Zaburi 56, Luka 10:30–37, Matendo 9:10–19.

Fungu la Kukariri: Zaburi 56:3. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na kikundi chako.

Ijumaa moja jioni nilikuwa natoka mjini kurudi nyumbani Kaloleni. Jua lilikaribia kuzama, nami niliwahi kufungua Sabato na familia. Njiani nikakuta watu wamemzunguka kijana wakisema ameiba simu. Baadhi walishika fimbo. Katika kundi lile nilimwona mzee ninayemfahamu, mtu ambaye angenisikiliza. Lakini niliogopa. Nikajiambia, "Sabato inaingia," nikapita.

Jumapili nilisimuliwa kwamba mama mmoja muuza ndizi alisimama mbele ya yule kijana, akasema apelekwe polisi. Akapelekwa akiwa hai. Mimi nilikuwa na Biblia mkobani, na nimewafundisha watu Luka 10 mara nyingi.

Somo hili halitafuti njia ya kuondoa hofu yote mioyoni mwetu. Linauliza namna ya kumtii Mungu tukiwa bado tunaogopa.

1. Hofu yenye sababu

Soma Matendo 9:10–16. Anania aliogopa nini? Je, hofu yake ilikuwa na msingi?

Anania hakuwa mtu wa kuogopa kivuli. Habari za Sauli zilikuwa za kweli: aliwatesa watakatifu Yerusalemu, na alikuja Dameski akiwa na mamlaka ya kuwafunga. Anania alimweleza Bwana hayo yote waziwazi, na Bwana hakumkemea kwa kuyasema. Kumwambia Mungu kwamba tunaogopa si dhambi. Daudi naye alifanya hivyo katika Zaburi 56.

Tazama pia kazi aliyopewa. Hakutumwa kuwageuza watesi wote wa kanisa. Alipewa njia moja, nyumba moja na mtu mmoja wa kumwekea mikono. Maandiko hayasemi kwamba hofu yake iliisha kwanza. Yanasema alikwenda, na alipofika akamwita adui yule ndugu.

Tafakari: Ni hatua gani moja, ndogo na ya wazi, ambayo umeiahirisha ukingoja kwanza hofu iondoke?

2. Langoni Kigali

Kutoka Kaloleni hadi majengo ya AICC si mwendo mrefu. Humo Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, hadi ilipofungwa mwaka 2015. Kesi zile zinatuhusu sisi Waadventista.

Mauaji yalipoanza Aprili 1994, Carl Wilkens, Mmarekani, aliongoza kazi ya ADRA, shirika la misaada la kanisa letu, nchini Rwanda. Mkewe na watoto wao watatu waliondoka pamoja na wageni wengine. Yeye alibaki, kwa sababu nyumbani mwake walikuwamo Watutsi wawili waliomfanyia kazi. Wanamgambo walipofika langoni, majirani, wengi wao akina mama, waliwazuia kwa maneno tu. Walisema watoto wa nyumba ile hucheza na watoto wao.

Baadaye Wilkens alipeleka maji na chakula kwenye vituo vya yatima. Wanamgambo walipozingira kituo cha Damas Gisimba, chenye watu wapatao 400, alikwenda kutafuta msaada serikalini, akakutana na waziri mkuu, Jean Kambanda, ambaye serikali yake ndiyo iliyoendesha mauaji. Alimwomba yeye huyo huyo. Watu wale walihamishwa wakiwa hai. Mwaka 1998 Kambanda alikiri mauaji ya kimbari hapa Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha.

3. Jina la kanisa halitoshi

Sabato ya Aprili 16, 1994, wauaji waliwashambulia Watutsi waliokimbilia kwenye kanisa na hospitali yetu huko Mugonero. Wachungaji waliokuwa miongoni mwa wakimbizi walikuwa wamemwandikia kiongozi wao, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimwomba awatetee. Hawakuokolewa. Februari 2003 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari, ikamhukumu kifungo cha miaka 10.

Kosa hilo lilipita kuogopa, wala tusilipunguze kwa kuliita hofu. Lakini tukumbuke kwamba Wilkens na mchungaji huyo walikuwa wa kanisa moja na waliitunza Sabato ileile. Cheo, ubatizo na mafungu tuliyokariri havitasimama langoni badala yetu.

4. Hofu ibebwe na wengi

Soma Esta 4:13–17. Esta alifanya nini kabla ya kwenda kwa mfalme?

Esta hakwenda kwa pupa. Aliomba Wayahudi wote wa Shushani wafunge siku tatu, naye akafunga pamoja na wajakazi wake. Ujasiri wake ulikuwa na kundi nyuma yake. Hekima si woga: kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa, kuita polisi, kumwita mwenzako msimame wawili, yote hayo ni kwenda. Kilichokuwa woga ni kupita kwangu na kuita jambo lile utakatifu.

Maswali ya Kujadili

1. Kuhani na Mlawi katika Luka 10 walipita kando. Ni sababu gani za kidini ambazo sisi huzitumia kuficha hofu yetu?

2. Mtoto wa mshiriki amepangiwa mtihani siku ya Sabato, na mzazi anaogopa kwenda kumwona mkuu wa shule. Kikundi chenu kitambebaje, zaidi ya kusema "tutakuombea"?

3. Kelele za "mwizi!" zikisikika mtaani kwenu kesho, nani atamwita nani? Kubalianeni leo, mkiwa mmetulia, kisha mwombe pamoja.