Safari ya Barabara Kando ya Ziwa Mweru: Hesabu Saa za Mwanga Kabla ya Kilomita

Kila kiangazi kinapoanza wageni huongezeka katika barabara itokayo Mansa kwenda Nchelenge na Kashikishi. Wapo wanaokuja kuwaona jamaa, wapo wanaofuata samaki, na siku hizi wapo pia wanaokuja kuutazama ufuko tu. Hawakosei. Upande wetu wa mashariki ardhi hushuka taratibu hadi mchangani. Ng'ambo, upande wa Kongo, ukingo umeinuka ghafla kutoka majini, na nyuma yake ipo milima ya Kundelungu. Jua linapotua nyuma ya milima hiyo, dereva husimamisha gari hata kama hakukusudia. Somo letu la leo linaanzia hapo, kwa kuwa mara nyingi dereva huyo bado ana safari mbele yake.

Kutoka Mansa hadi Nchelenge ni kilomita 240 hivi, nayo ni barabara ya lami. Anayeitazama namba hiyo peke yake husema, "Saa tatu zinatosha." Hazitoshi. Watu wa bonde la Luapula wamejenga kando ya barabara, kijiji baada ya kijiji, na barabara hiyo ndiyo njia yao ya shule, ya soko na ya shamba. Muhogo huanikwa ukingoni mwa lami. Mbuzi hulala juu yake. Baiskeli hupita zimebeba magunia ya makaa, vikapu vya samaki, au mama mjamzito anayepelekwa kliniki. Ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba ahesabu saa tano za kuendesha, kisha ndipo aongeze vituo vyake.

Sasa tulitazame jua. Tupo takribani nyuzi tisa kusini mwa ikweta, kwa hiyo machweo hayabadiliki sana mwaka mzima: mwezi wa Juni jua hutua kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni, na mwezi wa Februari hukaribia saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo giza halikawii. Atokaye Tanzania airudishe saa yake nyuma kwa saa moja. Ndugu wa Katanga hana haja hiyo, kwani saa zetu ni zile zile.

Njia nzuri ya kupanga ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Tuchukue mfano wa familia inayotoka Mansa, inayotaka kuyaona maporomoko ya Ntumbachushi, kusimama Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, na kulala Kashikishi. Ipange kufika saa kumi jioni. Saa tano ni za kuendesha. Ntumbachushi haipo katika barabara kuu. Lazima kukata kuelekea Kawambwa na kupanda kutoka bondeni, kwa hiyo tuyape maporomoko saa tatu, kwenda, kutazama na kurudi. Chakula na mapumziko ya Mwansabombwe tuyape saa moja. Jumla ni saa tisa. Basi familia hiyo iondoke Mansa saa moja asubuhi, na saa mbili zinazobaki kabla ya giza ni akiba ya pancha, ya kizuizi cha polisi, na ya mtoto aliyetapika. Ikiondoka saa nne asubuhi, imekwisha kutumia akiba yote na saa moja zaidi. Hapo lazima jambo moja liachwe, na ni heri kuliacha mkiwa bado Mansa kuliko kukimbizana na jua mkiwa njiani. Mwishoni mwa Julai, wakati wa sherehe ya Mutomboko, ongezeni muda mwingine, maana Mwansabombwe hujaa watu hadi barabarani, wakiwemo wengi waliovuka kutoka Kongo.

Mbona tunasisitiza giza kiasi hiki? Kwa sababu wale niliowataja hawaondoki barabarani jua likitua. Mwendesha baiskeli anarudi nyumbani bila taa, amevaa nguo nyeusi, na mzigo wake ni mpana kuliko yeye. Lori lililoharibika limeachwa pale pale lilipokwama. Mgeni ajue kwamba matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani ni ishara: mbele kuna gari limesimama, punguza mwendo mara moja. Nanyi madereva wenyeji, mkimaliza kutengeneza gari, yaondoeni matawi hayo. Gari la pili huja likayagonga, au dereva akayakwepa na kumgonga mtu. Pembetatu za tahadhari zinatakiwa kisheria. Tawi si badala yake.

Kutoka Kashikishi kuelekea kaskazini, hadi Chiengi na mpaka wa Lunchinda unaotazamana na Pweto, ipeni safari hiyo siku yake peke yake. Huko ndiko vilima vinaposogelea ziwa, na huko Pweto ndiko mto Luvua unapoyapokea maji ya Mweru na kuyapeleka Lualaba. Ila msiiamini habari ya barabara mliyoipata mwaka jana. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huibadilisha njia ya udongo kwa usiku mmoja. Mwulizeni dereva aliyefika leo. Jazeni mafuta Mansa, na tena popote mtakapoyapata.

Wasafiri wa Copperbelt wanaokatiza Kongo kupitia Mokambo hadi Chembe hujiokolea mzunguko mrefu wa Serenje na Samfya, na tangu Daraja la Mwanawasa lifunguliwe mwaka 2008 hawasubiri tena kivuko kwenye mto Luapula. Lakini zile kilomita sabini hivi ni nchi nyingine. Hati za kusafiria zigongwe mhuri kila upande, bima ya gari iwe inayokubalika ng'ambo, kama ile kadi ya njano ya COMESA, na mkumbuke kwamba Kongo magari hupita kulia. Saa za foleni mpakani nazo zihesabiwe kama saa za barabara.

Kuna mambo mawili yanayowashtua wageni. La kwanza ni samaki: kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa katika maji ya Mweru na Luapula ili samaki wazaane, na anayekutwa na samaki wabichi wa maji hayo kwenye kizuizi hatasaidiwa na kusema kwamba ni mgeni. La pili ni malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zinazoumizwa zaidi na ugonjwa huo nchini. Chandarua kiingie garini kabla ya kamera, na homa ikija hata wiki mbili baada ya kurudi, mwambieni mganga kwamba mlilala kando ya ziwa.

Mwisho, andikeni karatasi moja: namba ya gari, majina ya waliomo, vituo kwa mpangilio wake, mahali pa kulala na saa ya kufika. Mwachieni ndugu aliye nyumbani, pamoja na namba ya simu ya kituo cha polisi kilicho karibu na mnapolala. Msitegemee simu yenu tu. Karibu na Lunchinda huweza kushika mtandao wa Kongo na salio likaisha. Mkubaliane naye saa: ikifika saa mbili usiku hamjapiga simu, yeye apige kituoni na kusoma karatasi hiyo. Na giza likiwakuta kabla ya Kashikishi, ingieni kituo cha polisi cha kwanza mtakachokiona, mwombe kulaza gari uani hadi alfajiri.