Oili ya Sintetiki ya Bei Nafuu kwa Injini Iliyotembea Sana: Maswali na Majibu

Oili ya sintetiki ni ipi hasa, na kwa nini nyingine ni rahisi kuliko nyenzake?

Oili ya injini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni oili ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kilichomo kwenye galoni. Ya pili ni kemikali za nyongeza: za kusafisha masizi, za kuzuia kutu na povu, na za kulinda vyuma vinavyosuguana. Taasisi ya mafuta ya Marekani, API, inagawa oili za msingi katika makundi 5. Kundi la 1 ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa njia ya kawaida. La 2 na la 3 hupitishwa kwenye hidrojeni, na la 3 huchakatwa kwa nguvu zaidi mpaka uchafu wa salfa ubaki kidogo sana na uzito wa oili usiyumbe ovyo joto likipanda na kushuka. Kundi la 4, PAO, huundwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli ndogo. La 5 ni mengineyo yote, zikiwemo esta.

Zamani neno sintetiki lilihusishwa na kundi la 4 na la 5 peke yake. Kisha Mobil ililalamika nchini Marekani dhidi ya Castrol, iliyokuwa ikiita oili ya kundi la 3 sintetiki. Mwaka 1999, chombo kinachoamua migogoro ya matangazo ya biashara kikaipa Castrol haki, na tangu hapo karibu kila sintetiki ya bei nafuu imekuwa ya kundi la 3. Hilo si la kumsikitisha mnunuzi. PAO huonyesha ubora wake hasa kwenye baridi ya kugandisha na kwenye joto kali la injini za mashindano. Kwa Toyota IST ya Dar es Salaam au Probox ya Nakuru, oili ya kundi la 3 yenye kemikali nzuri inafanya kazi yote inayotakiwa.

Lililo la kuangaliwa ni maneno ya kwenye galoni. “Nusu sintetiki” na “teknolojia ya sintetiki” hayamwambii mnunuzi ni kiasi gani cha sintetiki kimechanganywa. Inaweza kuwa sehemu ndogo tu.

Tarakimu za uzito zisomwe vipi?

Katika 5W-30, sehemu yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi: 5W hupimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwa 25 chini ya sifuri, 15W kwa 20, na 20W kwa 15. Hakuna dereva wa Tanga atakayeikuta baridi hiyo, lakini tarakimu hiyo haikosi maana. Asubuhi ya Julai huko Makete au Limuru, oili ya 20W ni nzito mno kuliko ya 5W, na sehemu za juu za injini husubiri zaidi kabla ya kuipata.

Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu injini ikiwa imepata moto. Kwa kiwango cha SAE, oili ya 30 ikiwa na joto la nyuzi 100 huwa na mnato wa kati ya 9.3 na 12.5, na ya 40 huwa kati ya 12.5 na 16.3. Kuna kipimo kingine kinachosahauliwa, cha uimara wa utando wa oili kwenye joto la nyuzi 150 huku ikikandamizwa. Oili ya 5W-30 haitakiwi kushuka chini ya 2.9, na 5W-40 haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Tofauti hii ndiyo kinga halisi ya beringi za injini iliyochoka inayopanda mlima na mzigo.

Injini ikizeeka, je, lazima iwekewe oili nzito?

Si lazima, na hapa ndipo injini nyingi zinapoumizwa kwa nia njema. Desturi ya kuhamia 20W-50 mara tu gari linapofika kilomita 150,000 ilifaa injini za miaka ya 1980. Injini za Toyota zenye VVT-i, kama 1NZ-FE ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST, Vitz na Probox, hutumia shinikizo la oili kuzungusha kifaa cha mbele ya kemshafti kinachobadilisha wakati wa vali kufunguka. Oili hupitia vali ndogo yenye chujio la nyavu laini. Ikiwa nzito kupita kiasi au imejaa tope, kifaa hicho huchelewa kuitika: gari linakosa nguvu kwenye mzunguko wa chini, na asubuhi husikika mkwaruzo wa muda mfupi mbele ya injini. Cheni ya taimingi nayo hukazwa kwa shinikizo la oili hiyohiyo.

Utaratibu wa busara ni kuanzia kwenye kitabu cha gari. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani mara nyingi huandikiwa 0W-20 au 5W-20, na sababu kubwa ni kubana matumizi ya petroli. Kwa injini ya namna hiyo iliyopita kilomita 150,000 katika nchi ya joto, 5W-30 ni chaguo salama. Ikiwa injini inapunguza oili kati ya sevisi na sevisi, au taa ya oili inamemeta ikiwa sailensa na moto umepanda, shinikizo lipimwe kwa geji kwanza. Likionekana zima, 5W-40 au 10W-40 inafaa kujaribiwa. Taa ya oili kamwe isinyamazishwe kwa kuongeza uzito wa oili bila kipimo, kwa kuwa pampu mbovu au chujio la sampu lililoziba haliponi kwa 20W-50.

Herufi za API zinamaanisha nini?

Herufi ya kwanza S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Inayofuata huonyesha kizazi: SJ ilianza 1996, SL 2001, SM 2004, SN 2010 na SP 2020. Kwa injini za petroli, kizazi kipya huchukua nafasi ya vilivyotangulia, hivyo gari la 2005 linaweza kutumia SP bila wasiwasi. Oili inayouzwa leo ikiwa na SF au SG ni ya viwango ambavyo API yenyewe imeviondoa kwenye matumizi. Bado hujazwa kwenye magaloni yenye rangi za kuvutia, na bei yake ndogo ni hasara.

Kwa kifupi, SN ndicho kiwango cha chini kinachostahili fedha ya mnunuzi, na SP ni bora zaidi kwa sababu imeongezewa kinga ya cheni ya taimingi na usafi wa pistoni. Alama ya duara ya API, yenye herufi juu na uzito katikati, huonyesha kuwa mtengenezaji ana leseni. API huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake, na jina la oili linaweza kutafutwa humo kwa simu dukani hapohapo. Kuandika “inakidhi API SN” bila ile duara ni dai la muuzaji pekee.

Je, sintetiki huifanya injini ya zamani ivuje?

Dai hili lina asili ya kweli. Sintetiki za mwanzo, zilizoenea miaka ya 1970 baada ya Mobil 1 kuingia sokoni, zilikuwa na PAO nyingi, na PAO husinyaza kidogo sili za mpira. Watengenezaji walirekebisha kwa kuongeza esta, ambazo huuvimbisha mpira kiasi, na tatizo likaisha.

Kinachotokea siku hizi ni tofauti. Sili ya krenki iliyokauka na kupasuka ilikuwa imezibwa na tope gumu la miaka ya sevisi zilizocheleweshwa. Oili mpya yenye visafishaji vizuri huliyeyusha tope hilo taratibu, na mpasuko uliokuwepo tangu zamani huanza kutoa oili. Kwa sababu hiyo, injini ambayo kifuniko chake cha kujazia oili kina mgando mweusi kwa ndani isihamishwe moja kwa moja kwenda safari ndefu kati ya sevisi. Oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 2,000 hivi pamoja na filta, ya pili baada ya 3,000, ndipo ratiba ya kawaida ianze. Kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa, kama gereji nyingine zinavyofanya, ni hatari: mabaki hubaki kwenye mifereji ya oili na kuidhoofisha ile mpya, na vipande vya tope vilivyobanduka kwa mkupuo huziba chujio la pampu.

Oili zilizoandikwa kuwa za magari ya kilomita nyingi zina faida?

Zina faida ya kiasi. Valvoline ilitoa MaxLife mwaka 2000 na kampuni nyingine zikafuata. Oili hizi huwa na esta au kemikali za kulainisha sili, na visafishaji zaidi. Uvujaji mdogo wa jasho kwenye sili huweza kupungua baada ya kilomita elfu kadhaa. Gasketi iliyokatika haitibiwi na galoni lolote.

Injini inayokula oili iwekewe sintetiki?

Kwanza ijulikane inakula kiasi gani. Gari liegeshwe pa tambarare, injini ipoe dakika 10, kijiti cha kupimia kifutwe, kirudishwe na kusomwa. Usomaji urudiwe kila kilomita 500. Katika magari mengi, umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita 1. Toyota ilipochunguza injini za 2AZ-FE nchini Marekani, ilichukulia upungufu wa takribani lita 0.95 kwa kilomita 1,900 kuwa tatizo la kutengenezwa.

Chanzo kina uzito kuliko kiasi. Moshi wa buluu unaotoka kwa sekunde chache tu gari likiwashwa asubuhi huashiria sili za vali. Ukitoka wakati wa kuongeza mwendo, ringi zimekwama au zimeisha. Pistoni za matoleo ya mwanzo ya 1ZZ-FE, iliyomo kwenye Wish, Allion na Premio za 1.8, zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili ambayo huziba kwa masizi. Hapo sintetiki husaidia kwa njia mbili: huacha masizi machache, na haipotei sana kwa mvuke. Viwango vya karibuni vya petroli haviruhusu oili kupoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake ikichemshwa kwa nyuzi 250 kwa saa moja, na oili yenye alama ya Ulaya ya A3/B4 imewekewa kikomo cha asilimia 13. Lakini injini inayomaliza lita 1 kila kilomita 500 haistahili oili ya gharama. Nusu sintetiki ya 10W-40 yenye leseni inatosha, na fedha inayobaki iwekwe kwa ajili ya ringi.

Ibadilishwe baada ya kilomita ngapi, na hesabu ya bei ikoje?

Toyota kwa soko la Japani huandika kilomita 15,000 au mwaka 1 kwa injini za kawaida za petroli, na nusu yake, 7,500 au miezi 6, kwa matumizi magumu. Foleni, vumbi na safari fupi ni matumizi magumu. Gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa mjini hufanya kazi saa 333 kufikisha kilomita 5,000, wakati la barabara kuu kwa wastani wa 60 hutumia saa 83. Kwa hiyo, mjini sintetiki iishie 7,500, na nusu sintetiki 5,000.

Chukua sintetiki inayouzwa mara mbili ya nusu sintetiki. Katika kilomita 15,000, ya kwanza hubadilishwa mara 2 na ya pili mara 3: gharama ni 4 kwa 3. Filta na ufundi wa mara moja vikiwa nusu ya bei ya galoni la nusu sintetiki, jumla inakuwa 5 kwa 4.5. Tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana dukani. Injini ya 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni la lita 4 huacha akiba kidogo ya kuongezea.

Oili bandia inaepukwaje?

Inunuliwe kwa wakala anayetoa risiti, ikiwa na alama ya TBS Tanzania au KEBS Kenya. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, namba ya toleo isomeke bila kufutika kwa kidole, na foili ya mdomoni iwe imeshika pande zote. Bei iliyo chini sana kuliko ya maduka mengine ni sababu tosha ya kuondoka. Baada ya sevisi, galoni tupu litobolewe, kwa kuwa magaloni halisi ndiyo hujazwa oili chafu na kurudi sokoni.

Oili za kampuni tofauti zinaweza kuchanganywa?

Zinaweza wakati wa kuongezea. Oili zenye leseni ya API hupimwa kuhakikisha hazigandi wala kutengana zikikutana. Inafaa uzito uwe uleule. Galoni lililofunguliwa lifungwe vizuri, liwekwe kivulini mbali na unyevu, na litumike ndani ya mwaka.