SOMO: Gari Kubwa, Safari Ndefu, Mafuta ya Kutosha

 

Vikundi vya hapa Mishomoroni hukodi Land Cruiser kwenda matangani au kutembelea wenzao huko Tana River. Swali huwa ni hili: tuongeze tangi, au tubebe mafuta kwa mitungi? Tulijibu kwa njia yetu ya kawaida: Tuone, Tuamue, Tutende.

TUONE
Wengi hutia mitungi ya petroli ndani ya gari, miguuni pa abiria. Hiyo ni hatari kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, na cheche moja tu yatosha. Tarehe 12 Septemba 2011, kule Sinai, Nairobi, mafuta yaliyovuja hadi mtaroni yaliwaka na kuua watu zaidi ya 100. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini nayo si maji.

TUAMUE
Kwanza tujue gari linakula kiasi gani. Jazeni tangi mpaka pampu ijikate, muandike kilomita. Baada ya safari jazeni tena, muone zimeingia lita ngapi. Gawanyeni kilomita kwa lita. Tuseme mmeenda kilomita 350 na zimeingia lita 50. Basi gari linakwenda kilomita 7 kwa lita moja. Tangi la lita 90, mkiacha lita 10 za akiba, litawafikisha kilomita 560.

Mombasa hadi Garsen ni kama kilomita 230, kwenda na kurudi 460. Kumbe tangi moja latosha! Shida huanza mkiacha lami. Kwenye matope, lita moja haifikishi hizo kilomita 7. Mvua za El Niño za 1997 na za 2023 zilikata barabara za Tana River. Mkikuta barabara imekatika, itabidi mzunguke au mrudi, na hesabu yote inabadilika.

TUTENDE
1. Punguzeni ulaji kwanza, maana ndiyo njia rahisi. Pimeni upepo wa matairi, safisheni chujio la hewa, shusheni mizigo isiyo na kazi kwenye keria, na dereva asikimbize gari.
2. Jazeni tena Malindi mkipita, hata kama tangi liko nusu.
3. Tangi la pili likihitajika, liwe limetengenezwa kwa gari la aina hiyo, lifungwe chini ya bodi, mbali na bomba la moshi. Ziko Land Cruiser ndefu zilizotoka kiwandani na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Ulizieni hizo mnapokodi. Pipa kuukuu la kuchomelea msikubali.
4. Kumbukeni uzito. Lita 90 za dizeli ni kama kilo 75, yaani mtu mzima mmoja. Mkiongeza mafuta hayo, punguzeni abiria au mzigo.
5. Ikilazimu kubeba mtungi, uwe wa mafuta hasa, wenye kifuniko cha kubana. Ujazwe ukiwa chini ardhini, usifike juu kabisa, kisha ufungwe imara nje ya gari.

Wale wanawali wenye busara wa Mathayo sura ya 25 walisifiwa kwa kuweka akiba. Nasi tuweke akiba, lakini isiwe ya kutuchoma.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kikundi chetu, nani ataandika kilomita na lita kila safari?
2. Gari limefika alfajiri, kodi imeshalipwa, na dereva ametia mitungi miwili ya petroli ndani. Nani atasema "hatupandi"? Na sisi wengine tutasimama naye?

Mungu awabariki na awalinde safarini.