Umeona, au Umeambiwa?

Somo: Matendo 9:26–28

Nimesomea biashara, lakini kosa hili nililifanya mimi mwenyewe.

Tulitafuta mtu wa kuhudumu katika duka letu la mbegu na dawa za mifugo hapa Kibwezi. Dada mmoja alifaa kabisa. Nikampigia jamaa wa Makindu: "Huyu unamjua?" Akasema, "Achana na huyo." Sikuuliza kwa nini. Baadaye nikajua hawakuwahi kufanya kazi pamoja. Walikosana juu ya pesa za chama. Nilimtafuta dada nikamwomba msamaha. Alinisamehe, lakini nafasi ilishachukuliwa.

Wanafunzi kule Yerusalemu walimwogopa Sauli. Barnaba hakusema tu, "Ni mtu mzuri." Alieleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani, na alivyohubiri Dameski. Huo ndio ushuhuda.

Ukiajiri, hata kama ni kijana wa kuchunga ng'ombe:

1. Mwambie mapema utaulizia kwa nani.
2. Muulize aliyemsimamia kazini. Taka alichoona, si alichosikia.
3. Omba cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka. Kinaonyesha kazi na tarehe, hakisemi tabia.
4. Usitosheke na shahidi mmoja (Kumb. 19:15). Ukisikia baya, mpe mwenyewe nafasi ajibu.

Na wewe ukipigiwa simu? "Ni wa kanisa letu" si jibu. Wala "hafai" peke yake. Jiulize kwanza: nimeona, au nimeambiwa?