Kumchekesha Msomaji Sayari kwa Sayari

Wanaojaribu kuandika riwaya ya vichekesho vya anga za mbali huanza kwa kumwaga viroja: huyu ana macho tisa, yule ana mikia mitatu, wa tatu anaongea kwa kunusa. Kufika ukurasa wa kumi msomaji keshachoka. Penye vioja vitupu hakuna kinachoshangaza.

Ipe kila sayari kanuni moja, kisha uifuate bila huruma. Tuseme pana sayari ambako biashara haianzi mpaka salamu ziishe. Nahodha wako ameishiwa mafuta, askari wa ushuru wanamfukuza, na muuza mafuta anampokea kwa bashasha: "Hujambo? Watoto hawajambo?" Hadi hapo ni kawaida. Ila huko mtu huzaa watoto mia nne, na adabu inataka kila mmoja aulizwe kwa jina. Nahodha yuko kwa mtoto wa sitini na mbili pale askari wanapotua. Nao, kwa kuwa wamelelewa vizuri, wanapanga foleni nyuma yake wasubiri zamu ya kusalimia. Muuza mafuta asicheke hata kidogo. Machoni pake, asiye na adabu ni huyo mgeni anayetazama saa.

Mwandishi Douglas Adams wa Uingereza aliliweza hili. Hadithi yake The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ilianza kama mchezo wa redio wa BBC mwaka 1978, ikawa kitabu 1979. Humo Dunia inavunjwa kupisha barabara ya angani, na wavunjaji wanashangaa watu wanalalamika nini, maana ramani zilikuwa wazi kwa miaka 50, huko Alpha Centauri. Aliyewahi kukuta alama ya X nyekundu ya bomoabomoa ukutani kwake hahitaji maelezo.

Sayansi ya kweli nayo ina vichekesho vya bure. Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za kwetu, ilhali mwaka wake ni siku 225 tu. Hebu mpangishe mtu chumba huko, mkubaliane kodi. Ujumbe wa redio kutoka Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari hizi mbili zimekaribiana kiasi gani. Mume na mke wakigombana kwa simu, samahani ya mmoja inafika wakati mwenzake keshatuma tusi jipya.

Shujaa atake kitu kidogo, kama kudai deni lake, na kila sayari imwachie balaa la kumfuata kwenye inayofuata. Bila hivyo una orodha ya sayari, huna riwaya. Majina yatamkike: mwandishi Shaaban Robert aliielezea nchi nzima ya Kusadikika, iliyo hewani, bila kumng'ata msomaji ulimi.

Ukimaliza sura, msomee mtu asiyependa hadithi za anga. Asipouliza nini kilifuata, futa sayari hiyo uandike nyingine.