T'Challa Hahitaji Chumvi Yako

Mdogo wangu uliyeniandikia saa nane usiku, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umeachwa na mchumba, kwa jinsi ulivyolia. Kumbe ni Wikipedia! Umekesha siku tatu na bando la kuungaunga, unaandika habari za T'Challa, yule Black Panther wa kwenye katuni na filamu, asubuhi ukakuta mtu usiyemjua kaondoa karibu yote na kukubakizia mistari miwili. Unaniuliza, "Dada, huyu mtu ana chuki na mimi?"

Hana. Hata hakujui. Lakini pole, tena pole ya dhati, maana yalishanikuta na mimi.

Mimi nilimpenda Storm, yule anayeita mvua na radi. Siku niliyogundua kuwa mama yake ni Mkenya, nilijiona nimepata ndugu. Nikaandika kwamba mama huyo, N'Daré, ni binti mfalme wa Kenya, nikaishia hapo, kama vile naeleza ukoo wa shangazi yangu. Sikusema kwamba hiyo ni hadithi, wala kwamba Storm alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum na kutokea kitabuni mwaka 1975. Mtu mmoja akaniuliza kwa upole: binti wa mfalme yupi? Nikanuna kutwa nzima. Jioni niko jikoni nakuna nazi, nikaanza kucheka peke yangu. Kweli jamani, mfalme yupi?

Ndiyo maana wazee walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Wewe hukukosea kwa ujinga, mdogo wangu, umekosea kwa mapenzi. Shujaa wako ni mzuri, ukaona bado hajakolea, ukaongeza chumvi. Sasa lete ule mchele tuuchague mawe pamoja. Sentensi yako ya kwanza, uliyonitumia kwa mbwembwe, inasema: "T'Challa alikuwa mfalme shujaa kuliko wote wa Wakanda, nchi tajiri ya Afrika Mashariki ambayo watu wake huzungumza Kiswahili."

Jiwe la kwanza ni hilo "alikuwa". Najua lilikotoka. Chadwick Boseman, aliyemwigiza, alifariki Agosti 2020, na wengi tulilia. Ila aliyefariki ni mwigizaji. T'Challa wa kwenye filamu walimwomboleza mwaka 2022, katika Wakanda Forever. T'Challa wa kwenye vitabu vya katuni yeye waandishi wanaendelea kumtungia visa. Hao ni watatu, usiwavike kanzu moja. Mtu wa hadithi tunamwandika "ni", hata kama kwenye hadithi kafa mara ngapi.

"Shujaa kuliko wote", nani aliwapima? Halafu "nchi ya Afrika Mashariki". Mdogo wangu, kuna mtoto wa darasa la sita atasoma hayo, afungue atlasi, aitafute Wakanda kati ya Uganda na Kenya mpaka alie. Utamwambia nini? Na hicho Kiswahili umekitoa wapi? Katika filamu ya mwaka 2018, lugha waliyoifanya ya Wakanda ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Najua Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, ni wetu na tunajivunia, lakini kujivunia hakugeuzi Kixhosa kuwa Kiswahili.

Ukishachagua mawe, kinabaki hiki: "T'Challa, anayejulikana pia kama Black Panther, ni mhusika wa kubuniwa katika vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel ya Marekani. Alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, na alionekana kwa mara ya kwanza katika Fantastic Four toleo la 52, la Julai 1966." Najua unaona haina ladha. Lakini isome tena kwa utulivu: anayekuja kuifuta aanzie wapi?

Sasa tuje kwenye ugonjwa wako mwingine, nao ni "watu wanasema". Umeandika kwamba jina lake lilitokana na chama cha Black Panther cha Wamarekani weusi. Nimekuuliza umelipata wapi, ukajibu kila mtu anajua. Haya, chama hicho kiliundwa Oakland mwezi Oktoba 1966, na mhusika ameshatoka tangu Julai. Mjukuu anampaje babu jina? Umeandika tena kwamba ndiye shujaa wa kwanza mweusi katika katuni zote duniani. Mwaka 1947, huko huko Marekani, kulichapishwa kitabu kinaitwa All-Negro Comics, na ndani yake mlikuwa na shujaa mweusi, Lion Man. Kwa hiyo funga mkanda wa sentensi yako: sema wa kwanza mwenye nguvu za ajabu katika vitabu vya makampuni makubwa ya Marekani, kisha weka tanbihi ya aliyelisema hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno nayo ni mali.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Ukifutiwa, mkono unawasha kurudisha yaleyale. Unarudisha, anafuta, unarudisha tena huku moyo unadunda kama uko kwenye fainali. Acha! Wikipedia ya Kiingereza ina sheria yake: ukirudisha zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kufungiwa kuhariri. Utabaki na hasira zako, na T'Challa utakuwa hukumsaidia kitu.

Badala yake, bonyeza "Fungua historia". Utakuta kila ulichoandika kimehifadhiwa, na pengine aliyekiondoa ameacha na sababu. Ukitoka hapo nenda "Majadiliano", uandike kama mtu aliyelelewa: "Habari ndugu, nimeona umeondoa aya yangu ya pili. Naomba unielekeze chanzo gani kingefaa." Kuuliza si ujinga. Utashangaa watu wanavyolainika wakisalimiwa kwanza.

Na kabla sijasahau: usichukue maandishi ya mtu mwingine ukayabandika yalivyo ukidhani hatajulikana. Siku atakapojulikana, aibu itakuwa yako peke yako, na hata yale uliyoandika kwa jasho lako yatatiliwa shaka.

Lililokuuma zaidi, nimeliona, ni kuambiwa makala ni "yetu sote" wakati uliyekesha ni wewe. Ni kweli inauma. Lakini makala hizo ni kama mtoto wa mtaani kwetu: umemzaa wewe, ila jirani akimwona anachezea barabarani atamvuta mkono bila kukuomba ruhusa. Utakasirika, halafu jioni utashukuru kwamba yuko mzima.

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili makala fupi kama hiyo mistari yako miwili wanaiita mbegu. Wewe umeona umeachiwa makapi, wenzio wanaona kitu cha kumwagilia. Basi nenda kanawe uso, unywe chai, kisha ongeza sentensi moja tu, na tanbihi yake. Kesho moja nyingine. Na yule aliyekufuta mwandikie asante, hata kama roho bado inakuuma. Ikitulia, niandikie unieleze mmefika wapi.

Ila si saa nane usiku, mdogo wangu. Dada yako naye hulala.